Nikah bila cheti: dhulma ya nani?

Mwaka 1926 Uturuki iliiweka kando Sharia katika ndoa, talaka na mirathi, ikachukua sheria za kiraia za Uswisi. Tangu hapo mwanamke aliyeolewa kwa nikah pekee, mumewe akifa, mbele ya mahakama si mjane wala hamrithi.

Wengi tutailaumu serikali, na tuna haki: ahadi iliyotolewa mbele ya mashahidi haifutwi na karatasi. Lakini ndugu Waislamu, tujiulize. Mume aliyeyajua hayo, asiandikishe ndoa yake, hana dhima? Tangu 2017 hata mamufti huko wanaruhusiwa kufungisha ndoa ya kiserikali.

Mke ni amana. Kuikataa sheria ya nchi huku gharama akiilipa mjane si uchamungu. Ni dhulma.