TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Anayeuliza bado yumo kwenye safu



Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja alinisubiri nje mpaka watu wakaisha. Akaniambia, "Ustadh, nafunga, naswali, lakini moyoni hamna kitu. Tangu mama afariki najiuliza, haya yote yana maana gani? Naogopa hata kuuliza, nitaambiwa nimekufuru."

Nilitaka kumjibu upesi kwamba ni mtihani, asubiri. Maneno hayo tunayo mdomoni muda wote. Nikajizuia.

Nabii Ibrahim (a.s.) alimuomba Mola wake amuonyeshe anavyohuisha wafu. Akaulizwa kwani hajaamini? Akajibu ameamini, ila anataka moyo utulie. Hakufukuzwa, aliambiwa achukue ndege wanne. Masahaba nao walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba yanawajia mawazo mazito hata kuyatamka hawathubutu. Hakuwagombeza, aliwaambia hiyo ni dalili ya imani. Sisi ukali huu tumeutoa wapi?

Nikamkumbusha habari ya Chogo, hapahapa Handeni. Miaka ya 1830 nchi ya Wazigua ilipigwa na njaa kali. Watu wakateremka pwani kutafuta chakula, wengi wakaishia majahazini, wakauzwa utumwani Somalia. Waliotoroka wakajificha kwenye misitu ya Mto Juba. Wakalima, wakazaa, wakazikana huko. Uislamu wengi waliupokea hukohuko. Ila Kizigua hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipopamba moto mwaka 1991, wajukuu wa wajukuu wao wakakimbia, wakafika Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu, halafu mwaka 2003 wakahamia Chogo. Wakimbizi kutoka Somalia, na wanaongea Kizigua! Wengi baadaye wakapewa uraia.

Ni rahisi hapo kusema, "Si mnaona, kila kitu kina sababu yake." Allah ndiye Mjuzi, lakini mimi siwezi kulisema hilo kwa wepesi. Mama aliyeuzwa hakuiona Chogo. Amekufa hajui kwa nini yeye. Alichoweza ni kumsemesha mwanawe kwa lugha ya kwao, kila siku, akiwa hana hakika kama itamfaa mtu.

Nikamwambia kijana: jibu la msiba wako sina. Ila hiyo swala unayoiswali na moyo mkavu, usiidharau wala usiiache.

Hakusema kitu. Akaniomba tumsomee mama yake Fatiha, tukasoma palepale kibarazani.

Jana nilimwona tena, safu ya mwisho, karibu na mlango, pale anaposimama mtu asiyejua kama atamaliza. Alibaki mpaka witri.

Allah amrehemu mama yake, na wazazi wetu wote waliotangulia. Amin.