Mezani na Jirani

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Mwa. 18:1-8, Luka 14:12-14, Mdo 10:9-29, 11:1-3, Rum. 14:22, 23, 1 Kor. 10:27-33, Gal. 2:11-14, 1 Pet. 3:15.

Wamisionari Waadventista walianza kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania mwaka 1903, huko Giti, katika milima ya Upare. Leo katika koo nyingi za Kipare utakuta Waadventista, Walutheri na Waislamu waliotoka kwa babu mmoja. Wakikutana msibani au harusini, hupakua makande kutoka chungu kimoja. Kwao, kula na mtu wa imani nyingine ni kula na shangazi. Hata hivyo, wao pamoja nasi sote tunalo swali la kujibu: tunapoketi kula na mtu asiyeamini kama sisi, tunaketi kwa kusudi gani?

Sisi na jirani zetu Waislamu tuna mengi yanayofanana mezani. Hatuli nguruwe, hatunywi pombe, na wote tunahesabu siku kuanzia jua linapotua. Ijumaa ya mwezi wa Ramadhani, machweo yanayotufungulia Sabato ndiyo yanayomruhusu jirani kufuturu kwa tende na uji. Lakini chakula kimetugawanya pia. Mwaka 2013, mkoani Geita, mgogoro kati ya Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje nyama ulifika hatua ya kumwaga damu ya mtu. Kwa hiyo tusidhani kwamba habari za sahani na kisu ni ndogo.

Hofu ya Petro

Soma Matendo 11:1-3. Petro alishtakiwa kwa kosa gani? Ndugu wa Yerusalemu hawakumlaumu kwa sababu amehubiri nyumbani mwa Kornelio. Walimlaumu kwa sababu aliingia kwa watu wasiotahiriwa akala nao. Petro mwenyewe alikwisha kueleza maana ya njozi yake katika Matendo 10:28: Mungu hakuwa akimfundisha kula vilivyo najisi, bali kutomwita mtu yeyote najisi.

Lakini huyu aliyeielewa njozi hiyo ndiye aliyejitenga na meza ya Mataifa kule Antiokia (Gal. 2:11-14). Hakujitenga kwa sababu dhamiri yake ilimkataza, maana alikuwa akila nao siku zote. Alijitenga kwa sababu watu wa kwao walifika, naye akaogopa watamwonaje. Paulo aliuita mwenendo huo unafiki. Mara ngapi tumemkwepa jirani, tukasema ni kwa ajili ya utakatifu, kumbe tunaogopa maneno ya washiriki wenzetu?

Chakula Kisiwe Chambo

Wapo wasioogopa kuketi na jirani, lakini wakiketi, sahani ni chambo. Wanamwalika, wanamlisha pilau, na kabla hajanawa mikono vitabu vimekwisha kutolewa. Mgeni anatambua kwamba hakuitwa yeye. Iliitwa hesabu ya watakaobatizwa.

Soma Luka 14:12-14. Yesu alimwambia mwenyeji wake awaalike wale wasioweza kumlipa. Kwa kawaida tunafikiri malipo ni fedha au mwaliko wa kurudishiwa. Lakini kubadili dini pia kunaweza kuwa malipo tunayoyadai kimoyomoyo. Basi kila mmoja ajiulize: kama ningejua kwa hakika kwamba jirani huyu hatabadilika kamwe, je, ningemwalika tena? Ikiwa jibu ni hapana, hatukumpa chakula, tulimuuzia.

Mtu anaweza kupinga, na hoja yake ina uzito: “Tuna ujumbe wa mwisho kwa ulimwengu. Je, ni upendo kumlisha mtu wali na kumnyima mkate wa uzima?” La, si upendo. Lakini Petro, aliyejifunza somo hili kwa maumivu, anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole (1 Pet. 3:15). Anayejibu amesubiri swali, na swali huja pale mtu anapoaminiwa. Tena mazungumzo ya kweli yana zamu. Ikiwa ninataka jirani asikilize kwa nini ninaitunza Sabato, sharti nami nisikilize kwa nini yeye anafunga, bila kuwaza nitakavyomkosoa.

Sahani ya Idd

Ugumu mwingine ni ule wa dhamiri. Idd el-Hajj imefika, na mtoto wa jirani amebisha hodi akiwa na sahani ya nyama iliyochinjwa kwa ajili ya sikukuu. Ndugu mmoja anaona ni zawadi ya jirani, anakula na kushukuru. Mwingine anaona ni sehemu ya ibada asiyoikubali. Katika 1 Wakorintho 10:27-33 Paulo anaruhusu kula bila kuulizauliza, na papo hapo anataka dhamiri iheshimiwe. Hivyo ndugu hawa wawili wasihukumiane.

Lakini liko jambo ambalo wote wawili hawana ruhusa ya kulifanya: kuipokea sahani kwa tabasamu, kisha kuimwaga nyuma ya nyumba. Huo ni uongo usio na maneno. Asiyeweza kula aende mwenyewe kwa jirani, aseme, “Asante, mama, umetukumbuka. Dhamiri yangu hainiruhusu nyama hii, lakini nikaribishe kwa chai.” Jirani anaweza kusikitika kidogo. Ila atajua kwamba siku nyingine tukisema ndiyo, ni ndiyo.

Unyofu huo huo unahitajika katika mazungumzo. Ibrahimu aliyewakaribisha wageni watatu anaheshimiwa na pande zote mbili. Katika Mwanzo 18:8 wageni wale walikula. Katika Kurani, sura ya Hud, Ibrahimu aliwaletea ndama wa kuchoma, lakini hawakunyoosha mikono, naye akaingiwa na hofu. Tusiseme habari hizi ni moja, maana si moja. Tusizifanye silaha pia. Tunaweza kuzisoma pamoja na kuulizana: kwa nini mwenyeji huingiwa na hofu mgeni asipokula? Hapo kila mmoja atasema la moyoni.

Basi juma hili mkaribishe jirani mmoja wa imani nyingine. Muulize mapema anachokula na asichokula. Ombea chakula kama unavyoomba siku zote, bila kuigeuza sala kuwa hubiri. Kisha sikiliza.

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kujitenga kwa ajili ya dhamiri na kujitenga kwa ajili ya hofu? Utajuaje lililo moyoni mwako?

2. Je, inawezekana kumpenda mtu na kutamani aupokee ukweli, bila upendo huo kutegemea kama ataupokea? Eleza.

3. Kanisa lenu likiandaa chakula kwa majirani, mtawaambiaje kusudi lake ili asiwepo atakayejiona amedanganywa?