Nasaha Juu ya Sanamu Lisilo Mwili

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jueni, enyi ndugu zetu, ya kuwa mwaka 2007 huko Sapporo, Japani, alitolewa Hatsune Miku, msichana asiyezaliwa: sauti yake hutungwa na mashine kutokana na sauti ya mwanamke aliye hai, na umbo lake ni mwangaza juu ya kioo. Maelfu hukusanyika kumshangilia, na mwaka 2018 mtu mmoja alifanya arusi naye.

Hatusemi kila atazamaye ni mshirikina; kuhukumu nyoyo si kazi yetu. Lakini Nabii Ibrahimu aliwauliza watu wake kama masanamu yao husikia, wakajitetea kwa desturi ya baba zao. Ya leo hujibu, na hapo ndipo penye hatari.

Litazameni ziwa la Victoria. Katika miaka ya 1950 alitiwa humo sangara, ili watu wapate samaki mkubwa. Kwa muda mrefu ikawa kama hapana jambo. Kufika miaka ya 1980 amejaa ziwani, na furu, samaki wadogo ambao wengi wao hawapatikani kwengine, aina zao kwa mamia zimepotea au zimepungua mno. Naam, sangara ameleta fedha. Minofu yake yauzwa hata Ulaya.

Basi kijana akeshaye na kioo chake, ikaadhiniwa alfajiri naye yu macho asiinuke, ni madogo gani yaliyokwisha liwa moyoni mwake? Salamu kwa mamaye, haya, hamu ya kuoa. Ewe baba, usimvunjie kioo. Keti naye usiku huu, umwulize ni nani huyo azungumzaye naye.