Maana ya "Rudia" Katika Kufuma na Katika Sala

Maelekezo ya kufuma huwa mafupi kuliko kazi inayotokana nayo. Kitambaa cha kochi chenye maelfu ya vitanzi huandikwa kwa mistari michache, kwa sababu fungu linalojirudia hutajwa mara moja tu. Huwekewa nyota mwanzoni au hufungwa kwa mabano, kisha fundi huambiwa arudie. Agizo fupi kiasi hicho linabebaje kazi ambayo halikuitaja?

Ugumu wa kwanza ni mdogo, ingawa ndio unaofumulisha kazi nyingi. Kwa kawaida, "rudia kutoka kwenye nyota mara 5" hudai fungu lifumwe mara 6 kwa jumla, kwani la kwanza limekwisha kufumwa kabla agizo halijafika. Mabano yakifuatwa na "mara 5", jumla ni 5. Vitanzi vilivyotangulia nyota havirudiwi.

Ugumu wa pili ni mzito. Duara la kroshia la mshono mfupi huanza na vitanzi 6. Raundi ya pili huwa na 12, kila kitanzi cha chini kikifumiwa viwili. Katika ya tatu hufumwa kimoja, kisha viwili katika kinachofuata, hadi mzunguko uishe: 18. Ya nne huwa 24. Hapo maelekezo mengi husema tu "endelea hivyo hivyo", na raundi ya 10 hutoka na vitanzi 60 bila mtu kuiandika. Kinachorudiwa si fungu lenyewe tena, bali namna ya kulibadilisha.

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, alimfikiria mwanafunzi aliyeambiwa aongeze 2 kila mara. Akifika 1000 anaandika 1004, 1008, na anasisitiza kuwa anafanya kile kile. Mifano ya nyuma haimsuti, kwani inaafikiana na kanuni nyingi. Kwa Wittgenstein, kufuata kanuni ni desturi ya watu. Anayejifunza kufuma Kahama au Geita kwa kutazama sampuli ya jirani hajalikwepa tatizo hilo, maana sampuli nayo ni mifano michache tu. Anayemwokoa ni jirani anayefumua na kusema, "Siyo hivyo."

Hata hivyo, mfumaji ana msahihishaji ambaye mwanafunzi yule hakuwa naye: kitambaa chenyewe. Vitanzi vikizidi, ukingo hukunjamana. Vikipungua, duara hujikusanya kama bakuli. Lakini kitambaa nacho hakiamui peke yake. Kujikusanya ni kosa kwenye kitambaa cha meza, na ndiko kunakotakiwa kwenye kofia, ambayo ikifikia upana wa utosi hufumwa bila kuongezwa vitanzi.

Ibada nayo ina "rudia" yake, lakini haina ukingo wa kukunjamana. Rozari, inayosaliwa sana mwezi Mei na Oktoba katika parokia za majimbo ya Shinyanga na Geita, ni mabano ndani ya mabano: Salamu Maria 10 baina ya Baba Yetu na Atukuzwe, na fungu zima mara 5. Tendo linalotafakariwa hubadilika kila fungu. Anayeiita kukariri kutupu amehesabu maneno tu.

Kwa Waislamu, mahali pa nyota palikuwa suala la sheria. Katika Hadithi ya mtu aliyeswali vibaya, iliyopokewa na Abu Huraira, Mtume anamweleza mtu huyo takbira, kisomo, rukuu na sijida, kila kimoja kwa utulivu, kisha anamwagiza afanye hivyo katika sala yake yote. Lipi limo ndani ya "hivyo"? Takbira ya kuhirimia, ile ya kufungulia sala, haimo. Hutolewa mara moja tu. Kisomo kina mjadala. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi kati ya Waislamu wa Afrika Mashariki, Fatiha ni nguzo ya kila rakaa. Kwa Mahanafi, kisomo cha faradhi kimo katika rakaa mbili tu za sala ya faradhi. Agizo ni lile lile, na pande zote mbili zinalishika. Kinachoamua ni mapokezi ya madhehebu, ambayo mtoto wa madrasa huyapata kwanza kwa kusimama nyuma ya imamu; hoja zake hufundishwa baadaye, vitabu vya fikihi vinapofunguliwa.