Insafu na Ukawiaji

Kijana wa Kinyerezi achezaye mtandaoni na mwenziwe aliye Ulaya, aonapo amebonyeza na mchezaji wake angali kasimama, huwa mwepesi wa kumdhania mwenziwe hila. Ilhali nuru yenyewe ibebayo mchezo, ipitayo katika nyuzi za kioo chini ya bahari kwa kadiri ya kilomita 200,000 kwa sekunde, haina budi kuchukua muda safarini, na baadhi ya vifurushi vya data hupotea njiani. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Watanzania wengi walionja ukawiaji huo. Basi insafu yataka tuchunguze kwanza: tutumie waya badala ya Wi-Fi, tupime njia ya data hatua kwa hatua, tuchague seva ya karibu, ndipo tuhukumu. Kwani sasa yangu si sasa ya mwenzangu, na aliyelitambua hilo hutanguliza subira kabla ya lawama.