Je, Kampuni ya Bima ni Jirani Yangu?

Swali hili laonekana dogo, labda hata la kuchekesha. Lakini mwenye kulichunguza ataona kwamba lagusa amri ya saba na amri ya nane pamoja. Ndiyo sababu twalileta mbele yenu.

Tuchukue mfano. Kijana mmoja mkristu, mtoto wa Kongo, anakaa Marekani katika jimbo la Michigan, ambako ndugu zetu wengi wamehamia. Anaendesha kamioni kubwa za mizigo, na feza yake ni ya jasho. Tangu utoto alitamani motokari ya namna moja tu, ile ya mbio iitwayo Porsche 911. Mpya haiwezi. Basi ananunua iliyokwisha kutumika, ya mwaka 2017, safi, inang'aa. Siku ile ile anashauriwa kununua tena bima ya mipira na rimu, yaani ile asiransi inayolipa gurudumu likiharibika barabarani. Anatia sahihi, anakwenda zake na furaha.

Majuma matatu yanapita. Akifika mwendo wa kilometa 100 kwa saa, usukani unatetemeka. Fundi anainua motokari na kuzungusha gurudumu la mbele. Kumbe rimu imepinda upande wa ndani, pahali ambapo jicho halifiki motokari ikiwa chini. Tena vumbi jeusi la breki limekwisha kugandamana juu ya jeraha lile. Haikupinda jana wala juzi. Ilipinda kwa mwenye motokari wa kwanza.

Sasa kijana anasoma karatasi ya bima yake, pengine kwa mara ya kwanza. Imeandikwa kwamba uharibifu uliokuwapo kabla ya kununua haulipwi. Rafiki yake anamcheka. «Sema uliingia shimoni jana usiku. Nani atajua? Kampuni ni tajiri, haitalia kwa sababu ya rimu moja.»

Atende nini?

Kabla ya kujibu, wengine watasema: kosa lilianza pale aliponunua motokari ya namna hiyo. Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Katika Matendo ya Mitume twasoma habari ya mtu wa Etiopia, mkuu wa hazina ya malkia Kandake, aliyekuwa akirudi kutoka Yeruzalemu katika gari lake. Gari la mkuu kama huyo halikuwa mkokoteni wa mkulima. Hata hivyo shemasi Filipo hakumwambia ashuke akaliuze. Alipanda, akaketi karibu naye, akamfundisha, akambatiza. Na katika Rituale Romanum ya zamani, sala ya kubariki gari yamtaja mtu huyo huyo. Basi kuwa na gari zuri si dhambi kwa yenyewe.

Lakini iko fadhila ya kiasi. Tarehe 6 Julai 2013, marehemu Papa Fransisko aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba anaumia moyoni akimwona padri au mtawa na motokari ya namna mpya kabisa. Wachague ya kawaida, wakikumbuka watoto wanaokufa kwa njaa. Maneno yale yalikuwa kwa watu wa wakfu, lakini mlei mwenye masikio atasikia kitu. Mwezi wa Novemba 2017 kampuni ya Lamborghini ilimpa Papa yule motokari ya mbio, nyeupe. Aliibariki, akaandika jina lake juu yake, akaiacha iuzwe kwa mnada. Mwaka 2018 ilipata zaidi ya euro 700,000, na sehemu ya feza hizo ilikusudiwa kujenga upya nyumba za wakristu wa Ninawi, katika inchi ya Irak. Hakuitupa, wala hakuipanda kwenda mjini. Kijana wetu si Papa. Lakini ajiulize kama karo ya wadogo zake kule nyumbani imelipwa, na kama bado anasikiliza Misa kwa amani au anachungulia dirishani kila mara kuona nani amesimama karibu na motokari yake.

Tuseme hayo yote ameyatengeneza. Twarudi kwenye gurudumu.

Yafaa kujua kwa nini watu huuziwa bima kwa kitu kidogo hivi. Motokari ile ya mwaka 2017, ikiwa ni ya aina ya Carrera S, ina mipira ya mbele iliyoandikwa 245/35 ZR20. Namba ya kwanza ni upana kwa milimeta. Ya pili yaonyesha kwamba urefu wa ubavu ni sehemu 35 kwa 100 za upana ule, ndiyo kusema milimeta 86 hivi, chini ya upana wa kiganja cha mtu mzima pamoja na kidole gumba. Mpira wa ile Land Cruiser ya kazi mnayoiona katika misioni zetu una ubavu wa sentimeta 20 hivi. Land Cruiser ikiingia shimoni, mpira hujikunja, hewa hubeba pigo. Mpira mfupi hauna nafasi ya kujikunja, nalo pigo lafika moja kwa moja kwenye chuma. Na Michigan ina mashimo mengi. Wakati wa baridi maji huingia katika nyufa za lami, huganda, hupanuka na kuinua barabara. Yakiyeyuka, huacha pango chini, na kamioni ya kwanza yaibomoa. (Pengine kamioni ya kijana wetu mwenyewe!) Rimu moja mpya ya motokari ile yaweza kupita dola 1,000. Tena haina gurudumu la akiba, ila dawa ya kuziba tundu na pampu ndogo.

Kwa hiyo bima hiyo si upumbavu. Lakini si lazima pia. Bima inayolipa madhara tunayowatendea wengine barabarani ni deni la haki, na sheria yaidai. Bima ya rimu yahusu mali yangu peke yangu; naweza kuinunua, naweza kuiacha na kuweka feza kidogo kidogo kando kwa siku ya ajali. Mwenye kuuza akisema kwamba bila bima hiyo mkopo hautatolewa, na si kweli, anadanganya, naye hujipatia faida kwa uwongo. Aangalie pia hesabu. Tuseme bima yagharimu dola 1,800 na kutiwa ndani ya mkopo wa motokari, miezi 72, kwa faida ya 9 kwa 100 kwa mwaka. Ataambiwa: «Ni dola 32 tu kwa mwezi.» Mwisho atakuwa amelipa dola 2,336 hivi. Na kwa kawaida mapatano hayo hayalipi mpira uliokwisha kulika, wala rimu iliyokwaruzwa tu bila kuvuja hewa, wala madhara ya mashindano ya mbio. Mambo hayo husomwa kabla ya kutia sahihi.

Sasa, je, kampuni ni jirani?

Tufikirie feza yake yatoka wapi. Watu elfu wanalipa kidogo kidogo. Wengi hawapati ajali. Wachache wanapata, nao wanalipwa kutoka sanduku la wote. Desturi hii ni ya zamani: mkataba wa bima wa zamani kuliko yote unaojulikana uliandikwa Genoa, mwaka 1347, na wanatheolojia wa nyakati zile walijiuliza sana kama si riba iliyofichwa. Mwishowe wengi walikubali kwamba ni halali, kwa maana mwenye kupokea malipo anabeba hatari ya kweli. Sisi tunajua jambo linalofanana nalo kidogo bila kwenda Genoa. Mtu akifiwa, majirani wanatoa mchango wa matanga. Hakuna anayeuliza: «Nitapata nini?» Kila mmoja anajua kwamba siku yake itafika. Sasa fikiri mtu atangaze matanga ya uwongo, apite nyumba kwa nyumba na daftari, akusanye feza za kuzika mtu asiyekufa. Watu wa mtaa wangemfanyia nini? Na akisema, «Lakini sikumwibia mtu mmoja, kila mmoja alitoa kidogo tu,» je, wangemsamehe kwa sababu hiyo?

Kampuni ina faida yake, hatukatai, na pengine faida ni kubwa kupita haki. Lakini mwenye kampuni hatalipa rimu ile ya uwongo mfukoni mwake. Madai ya uwongo yakizidi, mwaka ujao bei ya bima yapanda, na atakayelipa ni dereva mwingine, mama anayesafisha vyumba vya hospitali usiku, mkimbizi aliyefika juzi. Hao ndio walio nyuma ya neno «kampuni». Kijana hawaoni. Hata yule aliyeangukia wanyang'anyi katika njia ya Yeriko hakuwa mtu wa kujulikana na Msamaria.

Rafiki anaweza kujibu: «Lakini yeye amedanganywa! Ameuziwa kitu kibovu!» Ni kweli, na hapa ndipo hasira yake ina haki. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichunguza jambo hili hili katika Summa yake. Kilema kikionekana na wote, kama farasi mwenye jicho moja, mwenye kuuza hana lazima ya kukitangaza, mradi apunguze bei inavyostahili. Lakini kilema kilichofichika, chenye kuleta hasara au hatari, hana budi kukisema. Asipokisema anatenda udanganyifu na inampasa kulipa hasara. Hata ikiwa hakujua wakati wa kuuza hana dhambi, lakini akijua baadaye lazima alipe. Rimu iliyopinda kwa ndani ni kilema cha namna hiyo hasa, tena kwenye motokari ya mbio kubwa inaweza kuua mtu.

Basi kijana ana deni la kudai, lakini analidai mlango usio wake. Arudi kwa yule aliyemwuzia. Achukue picha za rimu na barua ya fundi inayoeleza kwamba jeraha ni la zamani. Aseme kwa adabu, na asirudi nyuma. Akikataliwa, kuna sheria na kuna mahakama. Inawezekana asipate kitu. Basi atalipa mwenyewe, na itamwuma. Hatutamwambia kwamba haitamwuma. Kama bima yenyewe aliichukua bila kuielewa, mara nyingi mapatano ya namna hiyo yaruhusu kuivunja na kurudishiwa sehemu ya feza kwa muda uliobaki. Aulize.

Na wewe unayefikiri kununua motokari iliyokwisha kutumika, hata kama ni Toyota ya kawaida iliyopita Kasumbalesa, fanya iinuliwe kabla ya kulipa. Zungusha kila gurudumu, tazama upande wa ndani. Pitisha mkono juu ya ubavu wa mpira. Ukikuta uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika. Soma pia namba nne mwishoni mwa maandiko ya DOT: 2319 maana yake mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zamani unaweza kuwa na meno mazuri na kupasuka hata hivyo.

Limebaki jambo moja, maana tunajua kwamba katika wasomaji wetu yuko pengine aliyekwisha kupokea feza ya rimu ya uwongo, au ya kioo, au ya mizigo ambayo haikupotea. Kuungama peke yake hakutoshi kama anaweza kurudisha. Feza hiyo irudi kwa mwenyewe, ndiyo kusema kwenye sanduku la bima, wala si kwa maskini kwanza, kwa sababu mwenyewe anajulikana. Anayeogopa aibu au kifungo amwulize padri katika kitubio. Padri anaweza kuipeleka feza hiyo bila kutaja jina la aliyeileta.