Kicheko Kisicho na Jibu

Mwaka 1991, huko Ufilipino, mwanamuziki wa rap Andrew E., aliyekuwa kipenzi cha vijana, aliigiza katika filamu ya vichekesho iliyobeba jina la wimbo wake uliokwisha kuvuma: Humanap Ka ng Panget, yaani, tafuta mwenye sura mbaya. Nasaha ya wimbo ni nyepesi kushika. Mzuri atakutesa, kisha atakuacha. Mchague asiye mzuri, moyo wako utulie. Mzaha wenyewe ni mkongwe kuliko mwimbaji. Roaring Lion wa Trinidad aliuimba katika miaka ya 1930, na Jimmy Soul akauvumisha Marekani mwaka 1963.

Mzaha wa namna hii hausafiri kwa nyimbo tu. Husafiri pia na wafanyakazi. Katika eneo la viwanda la Rusayl, viungani mwa Muscat, Mfilipino hufanya kazi pamoja na Mhindi, Mbangladeshi na Mwomani ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kiswahili. Watu wasio na lugha moja hufahamiana kwanza kwa sura, na mzaha wa sura hauhitaji mkalimani. Kwa hiyo ndio ulio rahisi kuliko yote kushirikiana. Je, ni halali kuushiriki?

Mtetezi wake ana hoja mbili, na zote zastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba wimbo huu humtetea aliyedharauliwa. Nasi tuna methali inayoelekea kumuunga mkono: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Lakini tuitazame sababu inayotolewa. Mwanamke huyu hasifiwi kwa wema wala kwa akili. Anachaguliwa kwa kuwa hakuna mwingine atakayemtaka, kama nyumba isiyohitaji kufuli kwa sababu haina cha kuibiwa. Utulivu unaoahidiwa ni wa mchaguaji peke yake. Hakuna anayeuliza kama mwanamke huyo naye amempenda huyo bwana, wala kama sura ya bwana yaridhisha. Hata methali yetu humwonya anayechagua. Anayechaguliwa haizungumzi naye.

Hoja ya pili ni kwamba huo ni utani tu. Hapa Waswahili na majirani zao wana kipimo madhubuti, kwa kuwa utani kwetu ni mila yenye masharti. Mzaramo na Mnyamwezi wakitupiana maneno makali, kila mmoja ana haki ya kujibu kwa ukali ule ule. Tena mtani ana wajibu: msiba ukitokea, yeye ni miongoni mwa wanaotazamiwa kufika na kusaidia. Kicheko kimeruhusiwa kwa kuwa kina majibizano na kimefungamana na msaada. Ukiondoa hayo mawili, kinachobaki ni dhihaka, na dhihaka ndiyo inayokatazwa katika aya ya 11 ya Sura ya Al-Hujurat, inayowataja wanawake kwa namna ya pekee.

Wimbo wa Andrew E. ulijibiwa. Aliyejibu, hata hivyo, ni mwanamume mwenzake, mchekeshaji Michael V., aliyeshauri kwamba afadhali kumchagua mzuri. Wachaguaji wawili walibishana juu ya bidhaa. Anayeitwa mbaya hakupewa zamu.

Unguja zamu hiyo ilipata kuchukuliwa. Siti binti Saad, aliyetoka kijiji cha Fumba na ambaye sahani zake za santuri zilianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, alisemwa kwa nasaba yake na kwa sura yake. Alijibu kwa wimbo, akisema kwamba jamali na ukoo mkubwa si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kuandikiwa kitabu kizima. Siti hakuomba achaguliwe licha ya sura yake, wala hakudai kuwa mzuri. Aliikataa mizani yenyewe, na aliikataa kwa sauti yake mwenyewe.

Waswahili wa Oman wana sababu yao ya kulijali jambo hili. Waliorejea kutoka Afrika Mashariki baada ya 1970 waliitwa Wazanzibari wote, hata aliyetoka Bara au Burundi. Anayejua maana ya kupewa jina kabla ya kuulizwa hawezi kusingizia kwamba maneno ya mzaha hayana uzito.

Sisemi filamu ile isitazamwe, wala kwamba mchekeshaji asiguse sura. Anayecheka sura yake mwenyewe hulipa kwa fedha yake. Anayecheka ya mwenziwe hana budi kukaa mahali ambapo mwenziwe anaweza kumfikia na kumjibu, na anapojibiwa, astahimili.